Samawal al-Maghribi: Kijana wa Baghdad Aliyezipangia Nakisi Sheria



Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za Al-Khwarizmi na Ibn Sina, na ni haki yao. Safari hii hebu tukae kidogo na bwana mwingine, Samawal bin Yahya al-Maghribi. Jina lake ni kubwa kwa wanaosoma historia ya hesabu ulimwenguni, ila sisi wenyewe hatumtaji sana.

Sababu ya kumchagua ni ya siku hizi. Vijana wetu wanaosomea takwimu, uchumi, udaktari au kilimo vyuoni, wengi wao wanafanya hesabu zao kwa programu ya kompyuta iitwayo R. Kuna siku kijana anaiambia kompyuta imtafutie mzizi wa tatu wa -8. Jibu analijua tangu sekondari, ni -2, kwa sababu -2 mara -2 mara -2 inaleta -8. Basi anaandika (-8)^(1/3), anabonyeza, na kompyuta inamrudishia NaN, herufi tatu ambazo maana yake ni kwamba jibu la ulichouliza si nambari. Mtu anabaki ameduwaa. Ama mashine imeharibika, ama yeye ndiye mjinga.

Si hili wala si lile. Shida hiyo inazaliwa pale vitu viwili vinapokutana, nambari hasi na kipeo ambacho si nambari kamili. Na mtu aliyekaa kitako akaziandikia kanuni nambari hasi pamoja na vipeo, katika kitabu kimoja, naye ana miaka 19 tu, ni huyu Samawal.

Alizaliwa karibu na mwaka 1130, akakulia Baghdad zama za Makhalifa wa Bani Abbas, katika nyumba ya Kiyahudi. Ndiyo, umesoma sawasawa. Baba yake alikuwa mwanachuoni wa dini ya Kiyahudi kutoka Fez nchini Morocco, ndipo lilipotoka jina la al-Maghribi, na alikuwa mshairi hodari wa Kiebrania. Shairi lake moja kuhusu Nabii Ibrahim (AS) alipoamrishwa kumchinja mwanawe, Mayahudi wa asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu wanalisoma mpaka leo katika sikukuu yao ya mwaka mpya. Liweke akilini shairi hilo, tutalirudia.

Mama yake alitoka Basra, mmoja wa madada watatu waliokuwa wajuzi wa Taurati na maandishi ya Kiebrania. Alikaa muda mrefu bila kujaaliwa mtoto. Jina lake lilikuwa moja na la mama yake Samuel, nabii wa Bani Israil, ambaye naye katika mapokezi yao aliomba mtoto kwa machozi. Basi alipojaaliwa mtoto wa kiume akamwita Samuel, na kwa Kiarabu ikawa Samawal.

Mpaka kufika miaka 13 mtoto huyu alisomeshwa Kiebrania na Taurati. Kisha baba akamwingiza katika hesabu za Kihindi, yaani zile tarakimu tisa na sifuri tunazotumia sote leo, na majedwali ya elimu ya nyota. Tiba aliisoma kwa Abul-Barakat al-Baghdadi, tabibu na mwanafalsafa mkubwa wa wakati huo, huku akimtazama mjomba wake akitibu wagonjwa. Lakini alikuwa mtoto kama watoto wengine. Alipenda hadithi mno, zile ndefu za mashujaa kama Antar na Iskandar. Wazazi wanaonyang'anya watoto vitabu vya hadithi wangoje kidogo, kwa sababu hadithi hizo ndizo zilizomfanya atamani kujua yaliyotokea kweli, akahamia kwenye vitabu vya historia, na katika vitabu vya historia akakutana na maisha ya Mtume Muhammad (SAW). Hilo nalo tutalirudia.

Sasa sikia hili. Wengi wetu tunadhani Baghdad ya Bani Abbas ilijaa walimu wa hesabu kila kichochoro. Wakati wa Samawal haikuwa hivyo tena. Alipotaka kusoma kitabu cha Euclid cha jiometri, alipata wa kumsomesha sehemu za mwanzo tu, na zilizobaki hakumpata mwalimu. Akajifunza peke yake. Vivyo hivyo aljebra ya Abu Kamil na vitabu vya al-Karaji, ambaye alikuwa ameitangulia aljebra ya Baghdad kwa zaidi ya miaka mia moja. Alipofika miaka 18 alikuwa ameshasoma vyote vilivyopatikana, na tayari ameanza kuona mapengo ya waliomtangulia. Mwaka uliofuata akaandika al-Bahir fil-jabr, maana yake kitabu kinachong'ara katika aljebra.

Tusivuke mpaka katika kumsifu. Alipokiandika kitabu hicho bado alikuwa Yahudi, kijana wa Kiyahudi katika mji wa Waislamu, akisoma vitabu vya Waislamu na Wagiriki kwa Kiarabu. Wala si yeye wa kwanza duniani kusema kuhusu nambari hasi. Wachina walizitumia kabla yake, na Mhindi Brahmagupta alishaandika kanuni zake mwaka 628, akizieleza kwa mfano wa mali na deni. Alichofanya Samawal ni kuziingiza ndani ya aljebra kwa ukamilifu, mahali ambapo Al-Khwarizmi mwenyewe alizikwepa. Ukisoma Al-Khwarizmi utaona anagawa milinganyo yake mafungu sita ili kila kitu kibaki chanya, hataki kabisa kuona deni limesimama peke yake.

Msomaji wa Kiswahili atafurahi akijua maneno aliyotumia. Nambari chanya aliiita zaid, na hasi akaiita naqis. Ni zaidi na nakisi yetu hii hii, ile nakisi tunayoisikia kila mwaka bajeti inaposomwa. Mahali ambapo hapana kitu katika hesabu alipaita martaba tupu. Mraba wa kitu kisichojulikana, wanaaljebra wa Kiarabu waliuita mal, yaani mali. Na orodha ya vipeo aliipanga katika jadwal, jedwali. Sisi watu wa pwani tumekuwa na msamiati wa aljebra mdomoni siku zote bila kujua!

Kanuni zenyewe ni hizi. Nakisi ukiizidisha kwa zaidi utapata nakisi. Nakisi ukiizidisha kwa nakisi utapata zaidi. Ukitoa zaidi mahali patupu, kinachobaki ni nakisi ya kiasi kile kile, na ukitoa nakisi mahali patupu, kinachobaki ni zaidi. Hii ya mwisho inawasumbua wanafunzi mpaka leo, lakini mwenye duka anaielewa mara moja. Tuseme hesabu yako inasoma sifuri, kumbe karani alikuandikia deni la shilingi 50 lisilo lako. Akilifuta hilo deni hukubaki na sifuri, unazo 50.

Kisha vipeo. Samawal aliweka moja katikati ya jedwali. Upande mmoja akapanga kitu, mali, na kuendelea, yaani kipeo cha 1, cha 2, cha 3 mpaka cha 9. Upande wa pili akapanga sehemu zake, moja chini ya kitu, moja chini ya mali, nako mpaka 9. Ukitaka kuzidisha vipeo viwili, huna haja ya kuandika mambo mengi, unahesabu hatua tu. Kipeo cha 3 ukikizidisha kwa kilicho hatua 4 upande wa pili, unasogea hatua 4 kuelekea huko na unafikia hatua 1 ng'ambo ya katikati. Leo tunaandika 3 na -4 ni -1, basi. Unaweza kuona ni jambo dogo. Jaribu kuishi bila alama zetu, kila kitu umekiandika kwa maneno matupu, ndipo utajua ukubwa wake.

Kwa jedwali hilo aliweza kugawanya aljebra kwa aljebra kama tunavyogawanya nambari za kawaida. Mfano mmoja aliouweka ni kugawa mali 20 na vitu 30 kwa mali 6 na nambari 12. Mgao huo hauishi. Anapata 3 na theluthi, kisha 5 chini ya kitu, kisha nakisi ya 6 na theluthi mbili, kisha nakisi ya 10, kisha 13 na theluthi, inaendelea tu. Mtu mwingine angechoka. Yeye alitazama akagundua kwamba kila nambari ni ile iliyo nafasi mbili nyuma yake, mara mbili, na alama imegeuzwa. Chukua kalamu ujaribu baada ya futari, ni kweli. Mahali pengine katika kitabu hicho anatafuta nambari 10 zisizojulikana kutokana na milinganyo 210. Kuna pia uthibitisho wa jumla ya miraba, ile kanuni ya moja mara moja, mbili mara mbili, tatu mara tatu na kuendelea, ambayo wanafunzi wetu wa takwimu wanaihitaji bila kujua kwa nani walipokea.

Basi huyo ndiye kijana wa miaka 19. Baadaye alitoka Baghdad akazunguka Iraq, Sham na nchi za Waajemi mpaka Azerbaijan, akifanya kazi ya udaktari, na akapata heshima kwa watawala wa huko. Mwisho akatua katika mji wa Maragha, ambao leo uko Iran.

Huko Maragha ndiko yalikotokea makubwa ya maisha yake. Kwa miaka mingi tangu utoto wake wa kusoma historia, moyo ulikuwa umemwelekea Mtume (SAW). Akili yake haikukubali jambo bila hoja, na alijiuliza kwa nini amwamini nabii mmoja kwa mapokezi ya wazee wake na kumkataa mwingine ambaye mapokezi yake hayana upungufu. Ila hakutamka. Aliona haya kwa baba yake. Mzee alimpenda mno, alitumia mali na umri wake kumsomesha, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumliwaza. Wenye wazazi wa dini nyingine watalielewa jambo hili kuliko sisi tuliozaliwa humu ndani.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 9 Dhul Hijja mwaka 558 Hijria, sawa na Novemba 8 mwaka 1163, aliota ndoto. Alimwona kwanza Nabii Samuel, yule aliyeitwa kwa jina lake, kisha akamwona Mtume Muhammad (SAW). Alipoamka akasilimu. Tazama tarehe hiyo ndugu yangu. Ni siku ya Arafa, kesho yake Idd ya kuchinja. Mtoto wa mshairi wa sadaka ya Ibrahim (AS) alisilimu mkesha wa Idd ya sadaka ya Ibrahim (AS).

Ndoto yenyewe hakuitangaza upesi. Na baadaye alipotokea mtu kumshutumu kwamba amebadili dini kwa ajili ya ndoto tu, alimjibu kwamba ndoto ilimwamsha, lakini hoja zilikuwa zimeshamtosheleza zamani. Aliandika kitabu cha mjadala na dini ya wazee wake, kikali kwa kalamu ya zama zile, nacho si mada yetu leo.

Alimwandikia baba yake barua. Mzee wakati huo alikuwa Halab, Aleppo, huko Sham. Alipopata habari alifunga safari kumfuata mwanawe, akafariki njiani kabla hawajaonana. Mwenyezi Mungu anajua walichotaka kuambiana.

Mwaka 1172 Samawal akatoa kitabu kingine, al-Qiwami, cha hesabu za Kihindi. Hapo alikuwa mtu mzima, na hapo ndipo tunapomrudia yule mwanafunzi wetu na kompyuta yake. Katika al-Qiwami anafundisha kutafuta mizizi ya kila daraja, si wa pili na wa tatu tu. Mfano wake mmoja ni mzizi wa tano. Anafundisha pia desimali. Anagawa 210 kwa 13 na kupata 16.15384, kisha anasimama, huku akijua wazi kwamba hajamaliza. Unaweza kuendelea ukalikaribia jibu unavyotaka, lakini popote ulipokata, ulichoshika ni kadirio. Hakuwa wa kwanza hapa pia, al-Uqlidisi wa Damascus aligusa desimali mwaka 952, lakini Samawal aliieleza maana ya kukata waziwazi zaidi.

Hebu sasa tuiunganishe. Kipeo chenye sehemu, kama thuluthi, Samawal hakukiandika. Kilianza kuandikwa Ufaransa karne ya 14 na bwana Nicole Oresme. Lakini kinatoka moja kwa moja katika zile hatua za jedwali. Kama kuzidisha ni kujumlisha hatua, basi thuluthi tatu za hatua zinaleta hatua nzima, kwa hivyo kipeo cha thuluthi ni mzizi wa tatu. Kwa -8, mzizi huo upo, ni -2, na kanuni ya nakisi inauthibitisha, nakisi mara nakisi ni zaidi, mara nakisi tena ni nakisi. Nusu ndiyo shida. Hakuna nambari ya kawaida ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake inaleta nakisi, kwa kanuni ile ile. Kwa ufupi, mizizi ya witri inakubali nakisi, mizizi ya shufwa haikubali.

Kompyuta ingejuaje kama umeuliza witri au shufwa? Ukiandika 1/3, yenyewe haihifadhi thuluthi. Inagawa, inapata desimali isiyokwisha, inaikata baada ya tarakimu kama 16, halafu ndiyo inakwenda kutafuta kipeo. Na haikati kwa makumi, inakata kwa hesabu ya mbilimbili. Kilichobaki mkononi mwake ni sehemu ambayo juu yake pana nambari ya witri, na chini yake pana 2 kwa kipeo cha 54. Chini ni shufwa, tena shufwa tupu. Kwa hiyo unapodhani umeuliza mzizi wa tatu, mashine imesikia mzizi wa daraja la shufwa kubwa ajabu, na wa nakisi haupo. Jibu lake la NaN ni la haki kabisa. Thuluthi iliyokatwa si thuluthi, kama 16.15384 ilivyokuwa si 210 kwa 13.

Hata bila kukata, jambo lina utata wake. 1/3 na 2/6 ni kitu kimoja, sivyo? Haya, chukua -8, ipandishe kipeo cha 2, ni 64, halafu tafuta mzizi wa sita, unapata 2. Kwa njia ya thuluthi ulipata -2. Sehemu moja, majibu mawili. Waliotunga R, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, walifuata desturi ya lugha za kompyuta zilizowatangulia, kwamba nakisi kwa kipeo kisicho nambari kamili haina jibu miongoni mwa nambari za kawaida.

Mtu atasema, ni NaN tu, si nitaiona? Hapo ndipo penye hatari. R haikupigii kelele kwa hili. Ukiomba mzizi wa pili wa nakisi kwa amri ya sqrt, itakuonya. Ukiandika kwa alama ya kipeo, haisemi neno. Tuseme unachunguza biashara ya mama mmoja kwa majuma matano. Faida na hasara zake, kwa maelfu ya shilingi, ni 27, -8, 64, -27 na 8. Ili juma moja kubwa lisiyafunike mengine, unachukua mizizi ya tatu, jambo la kawaida katika takwimu. Mizizi ya haki ni 3, -2, 4, -3 na 2, na wastani wake ni 0.8. Kompyuta inakupa 3, NaN, 4, NaN na 2. Ukiomba wastani inasema NaN. Unakasirika, unaongeza ile amri ya na.rm inayoondoa visivyojulikana, kwa sababu rafiki alikwambia ndiyo dawa. Inakupa 3. Majuma mawili ya hasara yamefutika, yale majuma ambayo ndiyo hasa ulitumwa kuyatazama, na ripoti yako inasema mama anaendelea vizuri sana. Weka badala yake mvua iliyopungua, au mtoto aliyepungua uzito kliniki, uone.

Dawa yenyewe ni kumfuata Samawal, kushughulikia alama mbali na kiasi mbali. Unaandika sign(x)*abs(x)^(1/3). Maana yake chukua kiasi bila alama, tafuta mzizi, kisha urudishe zaidi au nakisi yake. Lakini hii ni kwa mizizi ya witri tu. Ukiitumia kwa nusu utapata nambari itakayopendeza macho, nayo si mzizi wa chochote ulichouliza.

Kuna wanaoiambia R itumie nambari changamano, zile zilizoanza Italia karne ya 16 kwa kina Cardano na Bombelli. Hapo mzizi wa tatu wa -8 unatoka 1+1.732051i. Wengine huona hilo ni kosa pia. Si kosa. Katika ulimwengu huo -8 ina mizizi mitatu, -2 ni mmojawapo, na kompyuta ina desturi ya kuchagua mwingine.

Na mtego wa mwisho, mabano. Ukiandika -8^(1/3) bila mabano utapata -2 na utafurahi. Usifurahi. R inafanya kipeo kwanza, inatafuta mzizi wa 8, halafu ndiyo inabandika alama ya kutoa. Kwa mtindo huo huo -2^2 inakupa -4, wakati nakisi mara nakisi, tangu al-Bahir, ni zaidi. Andika (-2)^2 upate 4.

Samawal alifariki Maragha karibu na mwaka 1180, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kiasi cha miaka 80 baadaye, mwaka 1259, Nasir al-Din al-Tusi alianza kujenga katika mji huo huo kituo mashuhuri cha kutazama nyota. Inasemekana Samawal aliandika vitabu 85, vya tiba, vya hesabu, na kimoja cha kufichua makosa ya wanajimu. Vingi vimepotea. Al-Bahir ilisalimika, mswada wake mmoja ukakaa miaka mingi katika maktaba ya Aya Sofya, Istanbul, mpaka Salah Ahmad na Roshdi Rashed walipoutoa na kuuchapisha Damascus mwaka 1972. Jedwali limo humo, moja katikati, hatua 9 huku na hatua 9 kule.